Simu Ikiibiwa, Nani Anainunua?



Naomba nianze kwa kukiri kosa, asije mtu baadaye akanifukulia mambo yangu wakati nimeshajifanya msafi. Miaka ya nyuma, nikiwa bado mgeni hapa London, nilinunua simu kwa kinyozi. Haikuwa na boksi, haikuwa na risiti, haikuwa na chaja, na bei yake haikufika nusu ya bei ya dukani. Sikuuliza ilikotoka. Nilipoweka laini yangu ikakataa kushika mtandao. Nikarudi kwa yule bwana nikiwa nimekasirika, akacheka, akaniambia simu kama hizi si za kutumia hapa, ni za kupeleka nyumbani. Nikaifunga ndani ya soksi, nikampa jamaa aliyekuwa anasafiri kwenda Dar es Salaam, naye akamfikishia mdogo wangu. Kule ikashika mtandao dakika ile ile. Mdogo wangu akanipigia kunishukuru, "Kaka, umenitoa ushamba." Nikafurahi, nikalala usingizi.

Simu ile nimeikumbuka Machi 2025, siku nilipoibiwa ya kwangu. Nilikuwa nimesimama nje ya stesheni ya treni huku mashariki ya London, naongea na dada yangu kuhusu matibabu ya mama. Kijana akapita na baiskeli ya umeme, amejifunika uso, sikusikia hata mlio wa tairi. Nilishtukia mkono uko sikioni lakini hauna kitu. Dada akabaki anasema haloo, haloo, kisha laini ikakatika. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nashika namba zote za ndugu ndani ya simu na si kichwani, ilinichukua mpaka kesho yake kumpata. Usiku mzima nyumbani walikuwa wanaomba dua wakidhani nimegongwa na gari. Hela ya dawa za mama ilichelewa siku nne, kwa sababu benki yangu ilitaka kunitumia namba ya uthibitisho kwenye simu ambayo wakati huo ilikuwa mfukoni mwa mwizi. Siku nne kwa mtu mwenye sukari si mchezo.

Sasa naomba tuongee kama watu wazima. Kila inapotajwa habari ya wizi wa simu, tunarukia kwa mwizi. Afungwe, achapwe, na kule kwetu achomwe. Mimi nimekulia Dar, na nimeshuhudia kwa macho yangu kijana anavishwa tairi kwa ajili ya simu ambayo leo hata mtoto wa shule hawezi kuikubali. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sitaelezea zaidi ya hapo. Ninachotaka kusema ni kwamba wiki iliyofuata, kituo kile kile cha daladala, simu ziliendelea kuibiwa. Kama moto haukuwatisha, mnadhani miezi sita ya gereza la Uingereza lenye televisheni itawatisha? Mwizi anaiba kwa sababu kuna mtu anamsubiri na hela mkononi, tena hela taslimu, jioni ile ile. Swali la kujiuliza ni kwa nini yule mtu anatoa hela.

Tuangalie hesabu kidogo. Kwa takwimu za Polisi wa London, simu zilizoibwa jijini humu zilipanda kutoka kama 28,600 mwaka 2020 mpaka zaidi ya 80,000 mwaka 2024. Desemba 2024 lilikamatwa boksi moja karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, ndani yake mlikuwa na simu za iPhone zipatazo 1,000, zinapelekwa Hong Kong. Polisi wakafuatilia mzizi wa boksi lile, na Oktoba 2025 wakatangaza kwamba genge walilolibaini linashukiwa kusafirisha simu hadi 40,000 kwenda China kwa mwaka mmoja tu. Yule kijana wa baiskeli hulipwa hadi pauni 300 kwa simu moja, na huko iendako polisi wanaamini inaweza kuuzwa hadi pauni 4,000. Pauni mia tatu kwa kazi ya sekunde tatu! Hapa kuna watu wenye digrii wanaosafisha vyoo vya maofisi usiku kucha siku kadhaa kuipata hela hiyo, na mimi nilishakuwa mmoja wao.

Lakini simu si ikiibiwa inafungiwa? Ndiyo, inafungiwa, na hapa ndipo wengi wetu tunapochanganyikiwa. Kila simu ina namba yake ya utambulisho, ile IMEI ya tarakimu 15, unaiona ukibonyeza *#06#. Ukiripoti wizi, kampuni ya simu inaiingiza namba hiyo kwenye orodha ya zilizofungiwa, na Uingereza tangu mwishoni mwa mwaka 2002 kampuni zote zinashirikiana orodha hiyo. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria kwamba kuibadilisha namba ya IMEI ni kosa la jinai, kifungo hadi miaka mitano. Kwa hiyo ndani ya nchi hii simu yangu ilikufa siku ile ile. Tatizo ni kwamba imekufa hapa tu. Kuna nchi ambazo kampuni zake za simu hazifuati orodha hii, na China ni mojawapo. Ndiyo sababu yule kinyozi wangu alicheka. Alikuwa anajua kwamba mpaka wa nchi unafufua simu.

Kuna kufuli la pili, na hili ndilo lenye nguvu. Septemba 2013 Apple walileta utaratibu kwamba simu ikifutwa kila kitu haiwezi kuanza upya bila neno la siri la mwenyewe. Simu za Android zikafuata na kufuli la namna hiyo mwaka 2015. Jimbo la California likapitisha sheria mwaka 2014 kwamba kila simu mpya itakayouzwa kule kuanzia Julai 2015 lazima iwe na uwezo wa kuzimwa na mwenye nayo. Kukatokea nini? Takwimu zilizotolewa mwanzoni mwa 2015 na mwanasheria mkuu wa jimbo la New York zilionyesha wizi wa iPhone umeshuka kwa nusu hapa London, asilimia 40 San Francisco na asilimia 25 New York. Nawaomba msome sentensi hiyo mara mbili. Bila kuongeza gereza hata moja, bila kumchoma mtu, wizi ulishuka kwa sababu mali ile ilipungua thamani. Hilo ni jambo ambalo mkutano wa hadhara hauwezi kulifanya wala ofisa wa polisi hawezi kulifanya. Limefanywa na mafundi wa kompyuta waliokaa ofisini.

Mtaniuliza, kama ni hivyo mbona sasa umepanda tena? Nitawajibu kwa yaliyonipata mimi. Niliifuatilia simu yangu kwa kompyuta. Siku ya kwanza ilikuwa nyumba moja si mbali na nilipoibiwa. Halafu kimya. Baada ya kama wiki tatu ikaibuka Shenzhen, China. Siku mbili baadaye laini yangu mpya ikaanza kupokea ujumbe: simu yako imepatikana, bonyeza hapa uthibitishe kwa neno lako la siri. Sikubonyeza. Ukaja mwingine wa upole, eti mimi ni mnunuzi masikini nimetapeliwa, tafadhali iondoe simu kwenye akaunti yako, Mungu atakulipa. Ukaja wa tatu wa vitisho, kwamba picha za familia yangu zitawekwa hadharani nisipoiondoa. Mke wangu alitaka niiondoe tuishi kwa amani. Nikakataa, lakini nawaambia ukweli, mkono ulitetemeka. Na wapo wengi wanaobonyeza. Kila anayebonyeza, simu yake inarudi kuwa nzima, inauzwa kwa bei kamili.

Na usipobonyeza bado haijawa bure. Inafunguliwa, kioo kinauzwa peke yake, kamera peke yake, betri peke yake. Shenzhen kuna mtaa unaitwa Huaqiangbei, majengo kwa majengo ya vipuri vya simu, na ndani yake kuna jengo linalojulikana dunia nzima kwa biashara ya iPhone zilizotumika. Watu wa Dar mtaelewa haraka nikisema habari ya vioo vya magari. Ukipaki vibaya unarudi kukuta saiti mira haipo, kesho yake unakwenda mitaa ya spea unauziwa kioo chako mwenyewe. Watu walifanya nini? Wakaanza kuchonga namba ya gari kwenye kila kioo na kila taa. Ukiwa na kioo kimechongwa namba ya mtu mwingine unamuuzia nani? Apple nao Septemba 2024 wameanza kuchonga namba kwa namna yao, kipuri kilichotoka kwenye simu iliyofungwa kikiwekwa kwenye simu nyingine kinatambulika na kudai neno la siri la mwenye simu ile. Ni hatua nzuri, ila simu zilizotengenezwa kabla ziko mamilioni mitaani. Na ipo njia ya mkato kuliko zote, nayo ni simu kukwapuliwa ikiwa wazi mkononi mwako kama yangu. Mwizi anazuia isijifunge, anaingia kwenye benki, anabadilisha neno la siri. Kwa ajili hiyo tangu Januari 2024 iPhone ina kinga ambayo ukiwa mbali na nyumbani au kazini inataka uso wako au kidole kabla ya mambo mazito, na mabadiliko makubwa yanasubirishwa saa nzima. Android nayo ilitangaza mwaka huo uwezo wa simu kuhisi imenyakuliwa ikajifunga. Mimi kinga hiyo nilikuwa nayo na sikuiwasha. Iko ndani ya simu yenu pia, wengi wenu hamjaiwasha, na najua mtamaliza kusoma hapa bila kuiwasha.

Sasa tuje kwenye siasa yake, maana hapa ndipo penye mzizi. Juni 2025 kamati ya Bunge la Uingereza inayoshughulikia sayansi na teknolojia iliwaita wakubwa wa Apple, Google na Samsung. Polisi wakaieleza kamati kwamba karibu robo tatu ya simu zinazoibwa zinatoka nje ya nchi, na asilimia 28 zinaishia China au Hong Kong. Wanachokiomba polisi ni kitu kidogo, kwamba simu ikishaingia kwenye orodha ya zilizofungiwa, kampuni iliyoitengeneza nayo ikatae kuihudumia popote duniani, isipate akaunti, isipate hifadhi, isipate programu. Kampuni za simu za China zikiikubali ni shauri lao, lakini itakuwa kama tofali lenye taa. Watengenezaji wamekuwa wanavutana. Hoja yao, na mimi si mtu wa kuficha hoja ya mwenzangu, ni kwamba njia hiyo inaweza kutumiwa na matapeli. Mtu anakuuzia simu, kesho anaripoti imeibwa, inakufa mkononi mwako, anakudai hela aifufue. Mume na mke wakigombana mmoja anaizima ya mwenzake.

Hoja hiyo ina uzito lakini haiwezi kuwa sababu ya kukaa bure. Benki zinafungia kadi kila siku na wapo wanaodanganya, mbona hawajaacha kufungia? Weka sharti la taarifa ya polisi, weka siku kadhaa za mwenye simu kujitetea, weka namna ya kukata rufaa. Wenye akili ya kutengeneza simu inayotambua uso wa mtu gizani hawashindwi na fomu ya rufaa. Ninachokiona mimi, na labda nitakuwa nimekosea, ni kwamba mtu akiibiwa simu ya pauni elfu moja anafanya nini kesho yake? Ananunua nyingine. Mimi nilinunua nyingine, tena kwa mkopo wa miezi 36. Sisemi wanashirikiana na wezi. Nasema hawaumii, na asiyeumia hana haraka.

Nyumbani nako tusidanganyane. Serikali zetu zikitaka kuzima simu zinajua kuzima. Kenya ilizima simu feki karibu milioni 1.9 mwishoni mwa Septemba 2012. Tanzania ilifanya hivyo tarehe 16 Juni 2016, na mtakumbuka jinsi ndugu zetu walivyokuwa wanatuma namba kwenda 15090 kuangalia kama simu zao zitapona. Mfumo huo wa rajisi ya namba tambulishi upo kisheria tangu sheria ya mawasiliano ya 2010. Kisha ikaja kusajili laini kwa alama za vidole, ilipofika Januari 2020 laini zikaanza kuzimwa. Kwa hiyo mitambo ipo na sheria zipo. Lakini mama ntilie akiibiwa simu yenye akiba yake yote ya mtandaoni, kuifungia ni safari. Aende polisi apate RB, aende kwa kampuni ya simu, na awe na ile IMEI, ambayo iliandikwa kwenye boksi alilotupa miaka mitatu iliyopita. Wakati anahangaika na nauli, simu imeshafika kwa fundi, imeflashiwa, na pengine na namba imebadilishwa. Simu feki zilikuwa zinamuuma mwenye kodi na mwenye kampuni, zikazimwa kwa siku moja. Simu ya wizi inamuuma mama ntilie peke yake.

Najua yupo atakayesema, unataka kuipa serikali yetu kitufe cha kuzima simu ya mtu mmoja mmoja? Baada ya yale tuliyoyaona tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti nchi nzima ikakatwa na sisi huku nje tukakaa siku kadhaa hatujui ndugu zetu wako hai au la? Hoja hiyo naikubali kabisa, na kusema kweli ndiyo iliyonifanya niandike polepole. Kitufe cha namna hiyo asishike mtu wa serikali peke yake. Ombi la kuzima litoke kwa mwenye simu, kwa neno lake la siri, na wakati wowote aweze kulifuta. Tofauti iko hapo. Kufuli la mlango wangu ninalitaka, ila funguo nikae nazo mimi. Kwenye hili, na naona ajabu kuandika hivi, namwamini zaidi mfanyabiashara kuliko waziri, mradi sheria imlazimishe.

Na sisi wenyewe je? Maana nilianza na kinyozi na sitaki kumkimbia. Kila mwaka ikikaribia Desemba, anayekwenda nyumbani anapokea orodha. Mjomba anataka simu, binamu anataka simu, mtoto wa shangazi amefaulu anataka simu. Mshahara ni ule ule. Basi tunatafuta za bei poa, na za bei poa zinapatikana, na hatuulizi. Tunajiambia ni mtumba tu kama shati. Lakini shati la mtumba mwenyewe alilitoa kwa hiari yake. Sijui simu ile niliyomtumia mdogo wangu ilinyakuliwa kwa nani. Inawezekana ni mtu aliyekuwa anaongea na dada yake kuhusu ugonjwa wa mama yao. Hilo wazo sikuwahi kulipata mpaka nilipokuwa mimi ndiye niliyesimama na mkono mtupu sikioni.

Desemba 2025 mpwa wangu aliomba simu, amemaliza kidato cha nne. Nilikwenda kwa muuzaji mmoja anayeuza zilizotumika, kijana wa nyumbani, tunaheshimiana. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nisomee IMEI niiangalie kabla sijalipa." Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema, "Braza, kwani siku hizi umekuwa polisi?" Nikamwambia sijawa polisi, nimeibiwa. Hakunisomea. Nikaondoka, nikanunua ndogo zaidi, mpya, dukani, na risiti. Mpwa wangu ameshukuru kwa mdomo lakini sauti yake niliisikia, alitarajia kubwa zaidi, wenzake wanazo kubwa. Dada naye akanitania kwamba Ulaya imeanza kunishinda.

Nimemwandikia mbunge wa eneo ninaloishi kuhusu lile ombi la polisi kwa watengenezaji. Mlio Uingereza mnaweza kuandika pia, barua moja haisumbui mtu lakini mia mbili zinasomwa. Mlio Marekani mna uzoefu wa California wa kuwaonyesha wabunge wenu. Mlio Oman na Dubai, ambako simu nyingi za mtumba zinapitia kabla hazijafika Kariakoo, mnajua zaidi yangu maduka yanavyofanya kazi, semeni. Na wote, jioni hii kabla ya kulala, bonyezeni *#06#, muiandike namba ile kwenye karatasi, mpigieni na bibi kijijini naye aandikiwe ya kwake.

Naomba kutoa hoja.